Nipe Mji

Ujumbe uliingia kwenye simu yangu saa tatu usiku, tukiwa tumeketi barazani nyumbani kwa shangazi, Pangani. Ulitoka kwa mjukuu wake aliyezaliwa na kukulia Toronto, msichana ambaye Kiswahili anakisikia vizuri lakini akishika simu kuandika hukimbilia Kiingereza. Sentensi zilikuwa mbili tu. Ya kwanza ilisema kwamba bibi "is giving up". Ya pili ilituomba tusimwache "give up". Wazee waliokuwapo hawajui Kiingereza, na katika ukoo wetu mfasiri ni mimi. Ndiyo kazi inayonilisha. Nikawasomea kwa sauti: "Anasema bibi yake anakata tamaa. Anaomba tusimwache akate tamaa."

Baba mdogo, anayemfuata shangazi kwa kuzaliwa, alinyamaza kwa muda. Kisha akasema taratibu, "Mwambie huyo mtoto, bibi yake hakati tamaa. Anakabidhi."

Kwa juma zima shangazi alikuwa akiita watu chumbani, mmoja mmoja. Maradhi yalikuwa yameshaingia kwenye ini, na daktari alikuwa amesema wazi kwamba dawa iliyobaki ni ya kutuliza maumivu. Ufunguo wa kasha alimpa binti yake mkubwa. Kanga alizigawa doti kwa doti, kila doti na mwenyewe. Alimwita mkwezi wake, na mbele ya ndugu wawili akamtajia mnazi kwa mnazi, ipi ya watoto na ipi ya msikiti. Na jambo moja alilirudia mara tatu: kwamba muuza samaki anamdai shilingi elfu nane.

Nilikuwapo. Niliyaona yote hayo kwa macho yangu. Hata hivyo, nilipopewa neno la Kiingereza lenye kutoa ndani yake, niligeuza kutoa kukawa kukata, na sikujua nilichokifanya mpaka mzee asiyejua hata salamu ya Kiingereza aliponirekebisha. Tangu usiku ule kitenzi hicho hakijaniacha.

Kiingereza kina mamia ya vitenzi vya aina hii. Unachukua kitenzi cha kawaida, mara nyingi cha silabi moja, unakifuatisha neno dogo la mahali, juu au chini, nje au ndani, na vikishaungana huzaa maana ambayo hakuna hata kimoja kilichokuwa nayo kilipokuwa peke yake. "Give" ni kutoa. "Up" ni juu. Mwanafunzi akijumlisha anapata kutoa juu, na hapo amekwama. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, aliandika kwamba vitenzi hivi ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kuliko vyote, na kwamba amejitahidi kuvikusanya. Jina la kundi zima, "phrasal verb", lilikuja baadaye sana. Logan Pearsall Smith alilitumia katika kitabu chake cha mwaka 1925, akieleza kwamba alilipata kwa Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford. Waingereza walivisema vitenzi hivi kwa karne nyingi kabla ya kuvipa jina.

Mfasiri akikutana na "give up" amefika njia panda. Anayeacha sigara, anayempisha mjamzito kiti ndani ya basi, jeshi linalosalimu amri, mtuhumiwa anayejisalimisha polisi, Mkristo anayejinyima nyama wakati wa Kwaresima, mama anayemtoa mwanawe alelewe na wengine, mwalimu anayemkatia tamaa mwanafunzi, mtoto aliyeshindwa kitendawili: wote hawa kwa Kiingereza wanafanya kitu kimoja. Kwa Kiswahili kila mmoja ana kitenzi chake, na kila kitenzi kina moyo wake. Anayempisha mtu kiti hana huzuni. Anayejisalimisha ana hofu. Anayejinyima wakati wa Kwaresima ana nia. Mshereheshaji jukwaani, akiwataka watu wampigie mwimbaji makofi, naye hutumia maneno hayohayo mawili, akipachika "it" katikati na "for" mwishoni, na pale angalau maana ya kutoa inasikika bado, maana makofi hutolewa.

Sarufi yake si ngumu, ila inawakwaza wanafunzi wetu mahali pamoja. Kwa kuwa tunasema "aliacha kuvuta", huandika "gave up to smoke", wakati Kiingereza kinataka "smoking". Na kitu kinachoachwa kikiwa kiwakilishi lazima kikae katikati, baina ya kutoa na juu: "give it up", kamwe si "give up it".

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kuhakiki kipeperushi cha afya kilichokuwa kimeshatafsiriwa na mtu mwingine. Kichwa chake kilimtaka mvutaji akate tamaa ya sigara. Nilikifuta papo hapo, nikaandika "Acha sigara", nikaridhika na kazi yangu. Leo naona kwamba yule mfasiri alikuwa amegusa jambo. Tamaa, neno tulilolipata katika Kiarabu, lina nyuso mbili kwetu. Ni tumaini, lile ambalo mgonjwa akilikosa tunamsikitikia. Na ni uchu, ile tamaa ambayo wahenga waliiweka mbele na mauti wakayaweka nyuma yake. Anayekata tamaa ya sigara anakata uchu, na huo ni ushindi. Anayekata tamaa ya kupona anakata tumaini, na huo ni msiba. Maneno ni yaleyale, lakini mazoea yameshatuamulia: kukata tamaa, kukisimama peke yake, ni kubaya siku zote. Kwa Mwislamu ni zaidi ya kubaya, kwa kuwa aya ya 53 ya Sura Az-Zumar inamkataza hata aliyezama katika dhambi kukata tamaa na rehema ya Mungu. Neno lenye uzito huo si la kumtwisha kila mtu anayeacha jambo. (Na tusilichanganye na tama, ile ya kushika, yaani kuegemeza shavu kiganjani kwa majonzi. Wengi huandika "kushika tamaa", nadhani kwa sababu aliyeshika tama mara nyingi ndiye huyohuyo aliyekata tamaa.)

Na kwa nini kukata? Kiswahili nacho kina vitenzi vyake vya maneno mawili, ila pale Kiingereza kinapoweka neno la mahali sisi tunaweka nomino. Tunakata tiketi, tunakata rufaa, tunakata shauri, tunakata kiu, tunakata kona, tunakata roho. Tunapiga pasi, hodi na mswaki, na hakuna kinachopigwa. Mgeni anayejifunza lugha yetu anataabika na kata na piga kama wageni wa Johnson walivyotaabika. Hata ile "up" tunayo, ukijua pa kuitafuta. Katika vitenzi vingi vya Kiingereza neno hilo halina tena habari ya juu. Linasema jambo limefika ukomo, kula mpaka sahani iwe tupu, kunywa mpaka tone la mwisho, kuungua mpaka majivu. Sisi kazi hiyo tunaifanyia ndani ya kitenzi chenyewe. Linganisha kutupa na kutupilia, kuacha na kuachilia. Zile silabi zinazozidi katikati ndizo "up" yetu.

Lakini picha iliyomo ndani ya kukata tamaa ni picha ya kamba. Mtu ameshika kamba, kamba inakatika, alichokuwa akikivuta kinaanguka. Hakuna mkono wa pili. Hakuna anayepokea. Hapo ndipo tafsiri yangu ilipopotoka, na sikuelewa ilipotoka kwa kiasi gani mpaka niliporudi nyuma katika historia ya neno la Kiingereza lenyewe.

Watawa wa Peterborough, mashariki mwa Uingereza, waliendelea kuandika tarehe ya nchi yao kwa Kiingereza muda mrefu baada ya Wanormani kuiteka mwaka 1066. Uandishi wao ulikoma na habari za mwaka 1154. Katika habari za Mfalme Stephen wanasimulia jinsi alivyoitisha mkutano Oxford, akamkamata Roger, askofu wa Salisbury, pamoja na Alexander, askofu wa Lincoln, na chansela wa ufalme, watu wa ukoo mmoja wenye ngome nyingi kuliko mfalme alivyoweza kustahimili. Akawatia kifungoni mpaka walipozitoa ngome zao. Kitenzi walichokiandika watawa hapo ni hiki hiki chetu, "give" kwa tahajia ya zamani na "up" nyuma yake.

Kabla ya hapo Kiingereza cha kale kilikuwa na kitenzi kimoja, "agiefan", chenye kiambishi mbele yake, kwa maana ya kukabidhi au kurudisha kilicho cha mwingine. Viambishi vya namna hiyo vikafa polepole, na kazi yake ikachukuliwa na neno dogo linalokuja nyuma. Hata ile "g" ngumu ya "give" ni athari ya Waskandinavia waliohamia Uingereza. Waingereza wa kale waliitamka karibu na "y" yetu.

Kwa hiyo, tangu huko mwanzo, neno hili lilikaa kwa mtu mwenye ufunguo mkononi. Maaskofu wale hawakutoa kwa ridhaa, walitoa kwa sababu ya kifungo, na sitaki kulipamba tendo lao. Lakini lilikuwa tendo la mikono miwili, mmoja unatoa na mwingine unapokea, na ngome ilibaki imesimama pale pale. Ilibadilisha mwenyewe tu. Maana ya kuvunjika moyo ilikuja kukua juu ya hiyo, nayo leo imeifunika kiasi kwamba Mwingereza mwenyewe akisema amefanya hivyo hafikirii tena nani amepokea.

Sisi tunayo picha hiyohiyo ya ngome, na hatuioni kwa sababu imevaa Kiarabu. Kusalimu ni kukabidhi. Amri ni mamlaka. Anayesalimu amri anakabidhi mamlaka kwa mwingine. Kinasikika kuwa kitenzi cha askari, lakini ndani yake kuna adabu kubwa, maana kusalimu ndiko pia kunakotupa salamu.

Kuna mahali pengine ambapo Mswahili hutoa mji, na kila mmoja wetu amepapitia. Utotoni shangazi ndiye aliyekuwa akitutegea vitendawili, baada ya chakula cha usiku, taa ya chemli ikiwa katikati ya mkeka. "Kitendawili!" "Tega!" Nyumba yangu haina mlango. Tunahangaika: kaburi, mzinga, boga. Tukishindwa, hakuna aliyesema tumekata tamaa. Shangazi alidai haki yake: "Nipeni mji!" Nasi tunampa. Tunampa Lamu, anakataa. Tunampa Mombasa, anasema Mombasa kuna joto. Tunampa Unguja, anaupokea, anatusimulia jinsi alivyofika huko, watu walivyomlaki na kumwuliza habari zetu, na mwisho wa safari ndipo anapotoa jibu: yai. Mara nyingi alituomba Pangani, na Pangani hatukuwahi kukubali kumpa. Tulipiga kelele za kukataa, maana ndimo tulimokuwa tukiishi.

Nimeufikiria mchezo huo upya, na naamini hakuna lugha iliyoeleza kukubali kushindwa kwa heshima kuliko ulivyofanya. Kushindwa kuna bei, na bei hiyo inamfikia mtu. Aliyetega anapata mji, aliyeshindwa anapata jibu. Anayekataa kutoa mji analala bila kujua. Wahenga waliposema asiyekubali kushindwa si mshindani, walikuwa wanazungumzia watu wa aina hii, wanaojua kutoa. Nimegundua pia kwamba Kijerumani kina kitenzi cha muundo uleule, "aufgeben", na kwa kitenzi hicho kimoja mtu hukubali kushindwa, hupeleka kifurushi posta kitumwe, na humtegea mwenzake kitendawili. Nilipolisoma hilo nilitamani shangazi angalikuwa hai nimwambie.

Kazi ya kutafsiri ikifanywa vizuri huweza kuirudisha ile mikono miwili hata pale lugha nyingine ilipoipoteza. Chukua vifungu vinne vya Injili vinavyoeleza kufa kwa Yesu. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inatumia "gave up" kwa Marko, kwa Luka na kwa Yohana, na kitenzi cha jirani yake, "yielded up", kwa Mathayo. Msomaji wa Kiingereza anasikia karibu kitu kimoja mara nne. Kigiriki hakikuwa hivyo. Mathayo anasema aliiachia roho, Marko na Luka wanasema alipumua pumzi ya mwisho, Yohana anasema aliikabidhi. Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyokamilika mwaka 1952, ilizitenganisha sauti hizo: kwa Mathayo kuna kutoa, kwa Marko na Luka kuna kukata roho, na kwa Yohana kuna kusalimu. Waliolichagua neno la mwisho walijua walichokuwa wakikifanya. Kwa Yohana, anayekufa hanyang'anywi kitu. Anakitoa mwenyewe, na yupo wa kukipokea. Kila nikisoma vifungu hivyo nawaheshimu watafsiri wale kuliko ninavyoweza kusema.

Siku hizi "Usikate tamaa" imeandikwa kila mahali, kwenye madaladala, kwenye kanga, kwenye kuta za shule. Ni wosia mwema na umewainua watu wengi. Lakini nikiuona nakumbuka mbio za marathoni za Mexico City, tarehe 20 Oktoba 1968. Mtanzania yeyote anajua sehemu moja ya habari hiyo: John Stephen Akhwari alianguka njiani, akaumia goti vibaya, akafungwa bendeji, akaendelea, akaingia uwanjani giza limeshaingia, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Alikuwa wa 57 kati ya 57 waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Tunafanya vyema kuwasimulia watoto wetu.

Walioanza walikuwa 75. Kumi na wanane hawakumaliza, na hao hatuwasimulii. Mmoja wao alikuwa Abebe Bikila wa Ethiopia, bingwa wa Olimpiki wa Roma 1960, alikokimbia bila viatu, na wa Tokyo 1964. Siku ile mguu wake ulikuwa na ufa wa mfupa, na kwenye kilomita ya 17 hivi aliona hatafika. Kabla ya kutoka barabarani alimwambia mwenzake, Mamo Wolde, kwamba yeye hamalizi na kwamba ushindi sasa ni juu yake. Mamo Wolde akashinda medali ya dhahabu kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26, na Ethiopia ikawa imetwaa mbio hizo mara tatu mfululizo. Nani atasema Bikila alikata tamaa? Alikabidhi. Akhwari alikuwa peke yake na hakuwa na wa kumkabidhi, kwa hiyo alibeba mzigo mpaka mwisho. Wote wawili walitenda haki kwa nchi zao siku hiyo, na ukutani kuna nafasi ya neno la mmoja tu.

Mwalimu Nyerere alikutana na upungufu huohuo wa maneno. Alipokuwa akijiandaa kuacha urais, Kiswahili kilimpa kujiuzulu, neno ambalo masikioni mwa watu linakuja na kashfa au ugomvi nyuma yake, na kilimpa kustaafu, neno la mtumishi aliyefikisha umri. Hakutaka hilo wala lile. Akachukua kung'atuka kutoka Kizanaki, lugha ya kwao Butiama, na tarehe 5 Novemba 1985 akamkabidhi Ali Hassan Mwinyi nchi. Leo kung'atuka kumo kwenye kamusi, na hakuna anayelihisi kuwa neno geni. Kiongozi mmoja alihitaji kuacha bila kushindwa na bila aibu, na lugha ya wazee wake ilikuwa imeshakiwekea kitendo hicho jina. Nadhani hilo lilitusaidia kuona jambo lenyewe linawezekana.

Vijana wetu wametatua tatizo kwa njia yao. Nairobi na Dar es Salaam utawasikia wakisema "nimegive up", kiambishi chetu mbele, "up" ikining'inia nyuma bila kuguswa. Zamani nililichukia tamshi hilo. Sasa naelewa kwa nini wanalihitaji: kijana aliyeacha kufuatilia tiketi ya mpira hataki kusema amekata tamaa, neno ni zito mno kwa jambo dogo hivyo. Lakini maneno mepesi yapo. Ameachana nayo. Amenyoosha mikono. Amenawa mikono. Na lipo lile zuri kuliko yote, ambalo waandishi wa michezo wameliweka hai: amebwaga manyanga. Manyanga ni yale madude ya kutikisa, yenye mbegu ndani, yanayopigwa ngomani na kwa waganga. Anayeyabwaga anasema ngoma hii kwake imekwisha, na kelele ya kuyatua chini inasikika na wote. Wakati mwingine mtu anaacha jambo kwa namna hiyo tu, kwa kishindo, bila msiba.

Usiku ule barazani ilinibidi nimjibu mjukuu. Niliandika kwa Kiingereza kwamba bibi yake "is handing over", anakabidhi, nikamweleza kuhusu kasha, minazi na muuza samaki, na kuhusu doti moja ya kanga iliyotengwa kwa jina lake. Alijibu baada ya muda mrefu. Aliuliza kama anaweza kuongea naye. Tukampeleka shangazi simu, wakazungumza kidogo, na mtoto hakumsihi tena bibi yake apigane.

Nilidhani kwa muda mrefu kwamba nimemsahihisha yule msichana. Ni baada ya kusoma habari za ngome za Mfalme Stephen ndipo nilipoona kwamba hakuhitaji kusahihishwa. Pengine yeye mwenyewe alimaanisha kukata tamaa. Lugha aliyoitumia ilikuwa imehifadhi, kwa zaidi ya miaka 800, jambo lile lile alilolisema baba mdogo. Ufunguo ulikuwa ndani ya neno lake. Mimi ndiye niliyeuangusha njiani, nikawapelekea wazee kamba iliyokatika.

Nawaomba wenzangu mnaotafsiri vipeperushi vya hospitali, barua za daktari na ujumbe wa ndugu walio mbali: mkikutana na maneno hayo mawili, msiandike kwanza. Tafuteni nani anatoa, anatoa nini, na nani anapokea. Kama hakuna anayepokea, basi andikeni kukata tamaa, na mtu huyo tumkimbilie. Kama yupo, mpeni mgonjwa wetu kitenzi chake halali, kwa sababu watu waliokaa barazani watamtendea kufuatana na neno mtakalowasomea.

Shangazi alifariki alfajiri ya Alhamisi. Muuza samaki alilipwa elfu nane zake kabla ya hitima.